Lindo la Watu Mia, Tokyo: maswali na majibu

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu Hyakunin-bansho, nyumba ya walinzi iliyobaki katika iliyokuwa ngome ya Edo, jina la zamani la Tokyo.

Nitakuwa Tokyo kikazi, nina nusu siku tu. Nifikeje, na kiingilio ni kiasi gani?

Ni bure. Shuka stesheni ya Otemachi, utembee dakika chache hadi lango la Otemon. Mabegi hukaguliwa hapo, kisha unaingia Bustani ya Mashariki ya Kasri la Kifalme, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1968. Usiende Jumatatu wala Ijumaa, maana hufungwa.

Kwa nini liitwe la watu mia? Walikuwa maninja?

Vikosi vinne vilipokezana zamu usiku na mchana: Iga, Koga, Negoro na Nijugoki. Kila kikosi kilikuwa na askari wa kawaida 100, wakiitwa doshin, na juu yao wakubwa 20. Silaha yao ilikuwa bunduki za utambi. Ni kweli Iga na Koga zilisifika kwa ujasusi, lakini hapa kazi yao ilikuwa kulinda njia ya kwenda kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani.

Rafiki yangu aliyefika anasema hakuna la kuona, ngome yenyewe haipo.

Nampinga kwa moyo wote. Mnara mkuu uliungua mwaka 1657 na haukujengwa tena, umebaki msingi wake wa mawe. Watu huukimbilia huo msingi na kulipita lindo kana kwamba ni ghala. Simama kwanza mwisho mmoja wa jengo, ulitazame lote: ni la mbao, la chini, lina urefu wa zaidi ya mita 50. Kisha geuka uangalie lango ulilopita mwisho kabla ya kufika hapa, si Otemon bali la ndani zaidi. Hapo mabwana wa majimbo, watu wenye ardhi na majeshi yao, walishuka kwenye machela. Waliosamehewa ni wakuu wa nyumba tatu za ukoo wa Tokugawa tu, ukoo wa shoguni mwenyewe. Waliobaki walitembea kwa miguu mbele ya macho ya askari wa cheo cha chini. Mimi sijui pengine pa kuuona utawala wa shoguni kwa uwazi namna hiyo.

Yapo malindo mengine mawili, Doshin-bansho kabla yake na O-bansho mbele zaidi, lililoshikwa na walinzi wa vyeo vya juu.

Watoto wanaweza kuingia ndani?

Hapana, linatazamwa kwa nje.

Nikitoka hapo, niende wapi?

Nenda Shinjuku, mtaa wa Hyakunincho, jina linalotokana na watu mia haohao. Wapiga bunduki wa kikosi cha Iga waliishi huko, na kwa kuwa mshahara haukutosha, walipanda maua ya azalea na kuyauza. Stesheni ya Shin-Okubo imo ndani ya mtaa huo.