Maswali na majibu: Kifaranga wa mwisho wa baji anadhoofika, nimlishe mwenyewe?

SWALI

Daktari, shikamoo. Nafuga kasuku wadogo, wale baji wa kijani na bluu, hapa Tabata. Kizimba chao kipo barazani chini ya bati. Jike alitaga mayai sita. Manne yameanguliwa, mawili mpaka leo kimya. Kifaranga mkubwa manyoya yameanza kuchomoza, lakini huyu wa mwisho ni mdogo mno, wenzake wanamlalia, na juzi jioni nilimkuta amepoa. Uzao uliopita wawili wa mwisho walikufa hivihivi. Jirani ananiambia nimtoe, nimlishe uji wa lishe kwa bomba la sindano. Halafu nimeona dume ameanza tena kumpanda jike. Nifanye nini?

Mama wa watoto wawili, Tabata

JIBU

Marahaba, dada. Usimtoe, na uji huo usimpe. Nitaeleza sababu, lakini kwanza fanya hili leo: mama akitoka kwenye sanduku la kutagia kwenda kula, lifungue, umtazame kifaranga shingoni. Gole lake, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, linaonekana kupitia ngozi. Likiwa limejaa, lina rangi ya maziwa au manjano hafifu, analishwa, na udogo wake peke yake si ugonjwa. Likiwa tupu asubuhi na jioni pia, hapo kuna kazi ya kufanya.

Udogo huo una hesabu yake. Jike wa baji hutaga yai moja kila baada ya siku moja, si kila siku, na huanza kuatamia tangu yai la kwanza au la pili. Kila yai linahitaji siku 18 hivi. Kwa hiyo mayai sita hayaanguliwi pamoja kama ya kuku. Kati ya wa kwanza na wa sita zinaweza kupita siku kumi. Kifaranga huzaliwa na uzito wa gramu mbili hivi, uchi na kipofu. Kaka yake ambaye manyoya yanachomoza ana karibu wiki mbili, macho yamefunguka, ana nguvu za kusukumana. Wako ndani ya sanduku moja, na mama anapoingia, mwenye shingo ndefu na sauti kubwa ndiye anayetangulia. Jike mzuri anajua kumtafuta mdogo na kumpa ule ute laini wenye protini anaoutoa tumboni mwake, lakini jike aliyechoka au asiye na chakula cha kutosha humpa anayempigia kelele zaidi. Vifo viwili vya uzao uliopita, vyote vya wa mwisho, vinanifanya nitazame hapo kabla sijatafuta ugonjwa.

Ukikuta gole tupu, watoe wakubwa wawili, uwaweke kwenye bakuli lenye kitambaa laini mahali penye joto pasipo upepo, kwa dakika kama ishirini. Fanya hivyo wakati ambao mama ametoka kula, ili akirudi na gole limejaa amkute mdogo na mwenzake tu. Kisha warudishe. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Akiwa amepoa kama ulivyomkuta juzi, mpashe joto kwanza ndani ya kiganja chako kilichofumbwa mpaka aanze kujinyonganyonga, ndipo umrudishe. Kifaranga wa baridi hawezi kusaga chakula, hata mama akimjaza. Na kama unamfahamu mfugaji mwenzako ambaye jozi yake ina vifaranga wa umri uleule, huko ndiko salama zaidi: baji hulea watoto wa wenzao bila shida, mradi ukubwa ulingane.

Sasa uji. Uji wa lishe unaopikwa majumbani una sukari, mara nyingi maziwa, na karanga. Ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, atahara. Karanga na nafaka zilizohifadhiwa kwenye unyevu wetu wa pwani hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na ini la kifaranga wa gramu tano halihimili. Kubwa kuliko yote ni hilo bomba. Tundu la pumzi la kasuku lipo nyuma ya shina la ulimi, na ukisukuma kidogo kwa haraka uji unaingia mapafuni. Nimepokea wengi waliokufa hivyo wakiwa na gole limejaa vizuri, na wenye ndege wakishangaa kwa nini. Chakula kikipoa kinachachia goleni. Kikiwa cha moto kinaunguza gole mpaka linatoboka. Kinatakiwa kiwe nyuzijoto 38 hadi 40, kipimwe kwa kipimajoto na si kwa kidole. Kulisha kwa mkono ni kazi ya pale wazazi wote wamekufa au wamewatelekeza, na hufanywa kwa unga maalumu wa vifaranga wa kasuku, kila baada ya saa mbili kwa hawa wadogo. Kama itafika huko, njoo uoneshwe kabla hujaanza.

Kwa wiki hizi nguvu zako zipeleke kwenye chakula cha wazazi. Dume anamlisha jike, jike analisha watoto, baadaye dume naye anaingia kulisha. Kila punje ya mwili wa vifaranga wanne inapita kwanza kwenye midomo ya ndege wawili wenye gramu 30 na kitu kila mmoja. Mbegu kavu peke yake haitoshi. Uwele na ulezi viwepo muda wote, lakini asubuhi wape pia yai la kuchemsha hadi likaiva kabisa, lipondwe na karoti iliyokunwa. Uwele uliolowekwa usiku kucha na kusuuzwa vizuri ni chakula kizuri sana kwa jike anayelisha. Majani ya mlonge, mchicha kidogo, matembele, vyote vioshwe. Kwa joto la Dar yai lisikae kizimbani zaidi ya saa mbili. Likianza kunuka limeshachelewa. Nunua mbegu kidogokidogo, uzinuse kabla ya kuzimimina. Zenye harufu ya ukungu tupa zote, usizipepete ukabakiza zinazoonekana nzuri. Parachichi kamwe, hata kipande kidogo. Ni sumu kwa ndege hawa.

Madini ya chokaa nayasisitiza kwa sababu jike wako ametaga mara mbili kwa kufuatana. Mayai sita yanachukua chokaa nyingi kutoka mifupani mwake, na akiishiwa, yai linalofuata linaweza kumkwama. Jike aliyekwama yai hukaa chini ya kizimba amejivimbisha, anakandamiza, mkia unapanda na kushuka, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Sisi wa Dar hatuna kisingizio. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule ngisi mpana, unaokotwa ufukweni, na wauza samaki wa Feri wanautupa. Uoshe, uloweke kwenye maji baridi kwa siku mbili au tatu ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uufunge kizimbani upande laini ukielekea ndani. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, nayo yanafaa.

Jambo la pili linalonitia wasiwasi kwenye barua yako ni bati. Kuanzia Desemba mpaka masika yaingie, chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana kuna joto ambalo kifaranga hawezi kulikimbia. Siku kumi za mwanzo hawezi hata kudhibiti joto la mwili wake mwenyewe, na sanduku lake lina tundu moja tu la sentimita nne au tano. Fungua mchana utazame: wakiwa wametawanyika pembeni, midomo wazi, shingo zimenyooka, wanaungua. Wakiwa wamerundikana wakitetemeka, wamepoa. Huenda uzao uliopita waliuawa mchana na joto, wewe ukawakuta jioni wameshapoa.

Usilihamishe sanduku peke yake ukalibandika kwingine, jike anaweza kuliacha. Hamisha kizimba kizima likiwa limefungwa palepale lilipo, taratibu, asubuhi, mpaka sehemu yenye kivuli na hewa. Kama hakuna pengine, tandika makuti au mkeka juu ya bati na uache nafasi ya kiganja kati ya paa na sanduku. Toboa matundu madogo machache juu, pembeni mwa sanduku. Weka beseni dogo la maji ili jike aoge. Atarudi akiwa na unyevu kwenye manyoya ya tumboni, na hilo linasaidia.

Ukipahama barazani, usipeleke kizimba karibu na jiko la mkaa. Na tafadhali, dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza zisitumike kabisa kwenye chumba chenye ndege. Mapafu yao yanavuta hewa kwa namna inayochukua kila kilichomo, kizuri na kibaya. Vivyo hivyo kikaango kisichogandisha chakula kikiachwa motoni kikaungua: moshi wake hauonekani, lakini unaua kasuku ndani ya dakika. Tumia chandarua juu ya kizimba usiku. Miguu ya meza inayobeba kizimba isimame kwenye vikopo vya maji yenye sabuni, maana siafu wakipata sanduku lenye vifaranga hawaachi kitu.

Ndani ya sanduku, sakafuni, kuwe na maranda, yale mabaki ya randa ya fundi seremala, si vumbi la msumeno, na yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa. Baji hajengi kiota, kwa hiyo nyasi na pamba ni usumbufu kwake. Anachohitaji ni sakafu yenye shimo dogo la duara katikati. Sakafu tambarare inayoteleza ndiyo huleta vifaranga wenye miguu iliyotanuka pande mbili kama chura. Ukimwona mmoja hivyo kabla hajafika wiki mbili, miguu inaweza kurudi kwa kufungwa na uzi laini wa sufi kwa siku chache. Akishakomaa, basi tena. Kinyesi kikizidi badilisha maranda kila siku mbili au tatu, na safisha vidole vya vifaranga, kwani kinyesi kikikauka huziba damu. Tazama pia utitiri kwenye nyufa za sanduku usiku kwa tochi. Ukiona vidoa vyekundu vinavyotembea, niandikie kabla hujapulizia chochote. Dawa nyingi za utitiri wa kuku ni kali mno kwa vifaranga hawa.

Mayai mawili yaliyobaki yaweke mbele ya tochi ya simu gizani. Yai lenye uhai lina mishipa myekundu tangu siku ya tano au ya saba, baadaye linakuwa jeusi isipokuwa chumba cha hewa. Likiwa angavu kabisa, halikurutubishwa. Sababu moja ya kawaida ni vijiti vya kusimamia vinavyozunguka au kuyumba, dume anashindwa kumpanda jike sawasawa. Kaza vijiti leo. Likiwa jeusi lakini siku zake zimepita kwa zaidi ya wiki, kifaranga alifia ndani. Mayai mabovu yaondoe sasa hivi, yasije yakapasukia juu ya watoto.

Kuhusu dume kumpanda jike tena: kwa asili baji ni ndege wa nyika kavu za Australia, huzaa mvua inaponyesha na mbegu za nyasi zikijaa, kisha hupumzika. Kwetu mwanga ni saa 12 hivi mwaka mzima na chakula hakikatiki, kwa hiyo hakuna kinachomwambia apumzike isipokuwa wewe. Tundu la sanduku ndilo linalomwambia atage. Vifaranga watatoka sandukuni wakiwa na siku 30 hadi 35, mkubwa akitangulia. Jike anayetaka kutaga tena anaweza kuwanyonyoa manyoya au kuwapiga waliobaki. Ukiona damu, watenge wakubwa na baba yao kwenye kizimba cha pembeni, ataendelea kuwalisha. Wa mwisho akitoka, liondoe sanduku siku hiyohiyo, na mlo wa yai upunguze hadi mara moja kwa wiki. Uzao huu ni wa pili kwa kufuatana. Wa tatu usimruhusu. Mpe miezi kadhaa, nami ningekushauri sanduku lirudi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo bati lako halitakuwa adui.

Vifaranga waliotoka wasiuzwe wala kugawiwa mpaka uone kwa macho yako kila mmoja anamenya mbegu mwenyewe, kwa kawaida wiki ya sita. Nyunyiza uwele kwenye sahani pana chini ya kizimba waanze kudonoa. Kumwona mtoto akidonoa sahanini si uthibitisho. Shika gole lake jioni.

Una watoto nyumbani, kwa hiyo hili nalo: vumbi la kinyesi cha kasuku linaweza kubeba homa ya kasuku, inayompata binadamu kama nimonia. Lowesha kinyesi kabla ya kukikwangua, vaa barakoa, nawa kwa sabuni, na wanao wasiwabusu ndege wala kulitazama sanduku kwa karibu. Mtu akipata homa na kikohozi kisichoisha, amwambie daktari kwamba nyumbani kuna kasuku.

Na kama, licha ya haya, kifaranga akifa, usimzike. Mfunge kwenye mfuko wa nailoni, mweke kwenye barafu, si ndani ya friza, na umpeleke siku hiyohiyo kwenye Maabara ya Veterinari Temeke akafanyiwe uchunguzi, pamoja na konzi ya mbegu unazowalisha.