Jibu: Sleep inagoma kwenye Excel ya biti 64
Ndugu, umeuliza kwa nini makro yako inayoita Sleep, amri ya Windows ya kusubiri kidogo, ilienda vizuri kwenye kompyuta ya zamani, halafu hii mpya ya biti 64 inaikataa kabla hata haijaanza. Kosa liko kwenye tangazo, yaani mstari wa Declare unaoiambia VBA, lugha ya makro za Excel, amri hiyo ikoje na iko wapi. Andika hivi, juu kabisa ya moduli:

Private Declare PtrSafe Sub Sleep Lib "kernel32" (ByVal muda As Long)

PtrSafe, neno la kuiambia VBA kwamba tangazo liko tayari kwa biti 64, ilikuja na Office 2010, na kwenye biti 64 ni lazima. Lakini usidhani ukiibandika tu umemaliza. Muda wa Sleep ni milisekunde, kwa hiyo Long inatosha. Ukiita FindWindow, inayorudisha namba ya kutambulisha dirisha, tumia LongPtr, namba inayopanuka hadi biti 64 kwenye Office ya biti 64, maana Long ni biti 32 popote pale.

Na hiyo ByVal, yaani "peleka thamani yenyewe", tafadhali sana, usiiache! Bila kuambiwa, VBA hupeleka anwani ya kumbukumbu badala ya thamani yenyewe. Niliisahau msimu wa zabibu hapa Dodoma, kwenye faili la kupokea uzito kutoka kwenye mizani. Nilitaka isubiri 500, yaani nusu sekunde. Windows ikaichukua anwani kama ndiyo milisekunde, Excel ikaganda, na mama mmoja kutoka Mpunguzi amesimama juani na kreti zake. Iliniuma. Tangu siku ile nahifadhi faili kwanza kila ninapojaribu tangazo jipya, kwa sababu ukikosea hapa VBA haikuonyi.

Kama ofisini bado kuna Office 2007, weka matangazo yote mawili: hili lenye PtrSafe chini ya #If VBA7 Then, la zamani lisilo na PtrSafe chini ya #Else, kisha funga kwa #End If.