Rodin na kazi ya udongo

Watu huuliza kama Auguste Rodin, msanii wa sanamu wa Ufaransa, alichonga marumaru zake kwa mikono yake. Hapana, nyingi hakuchonga yeye mwenyewe na hilo sio siri wala udanganyifu, karakana za Ufaransa za wakati ule zilifanya kazi hivyo. Yeye alikuwa mtu wa udongo. Anafinyanga juu ya kiunzi cha chuma ili udongo usiporomoke, usiku unafunikwa na vitambaa vibichi usikauke ukapasuka, afu mafundi wanatoa kalibu (umbo la kumwagia) na kumwaga plasta, na kuanzia hapo ndo wachongaji wake wanahamisha vipimo nukta kwa nukta kutoka kwenye plasta mpaka kwenye jiwe. Kukuza ukubwa kulikuwa na fundi wake, Henri Lebossé.

Ila kilichonivutia siku zote ni macho yake. Alikuwa anamzunguka modo na kuzungusha udongo pia, analinganisha mstari wa nje wa mwili kila upande, mbele, mgongo, ubavu, yani sanamu inajengeka kwa pande zote sio sura ya mbele tu. Mwaka 1877 alionyesha L'Âge d'airain (Enzi ya Shaba), sanamu ya mwanaume, wakamtuhumu ametoa kalibu kwenye mwili wa mtu hai! Iliyofuata, ya Yohana Mbatizaji, akaifanya kubwa kuliko mtu wa kawaida, tuhuma ile isingeshika tena.

Na plasta hakuzitupa, mikono na vichwa vya zamani alivipachika kwenye miili mipya. Ukipata nafasi nenda Meudon, karibu na Paris, ukazione plasta hizo, mi naona zinafundisha kuliko sanamu zake za shaba zenyewe.