Maswali yenu: Lucy, zabibu na wachekeshaji wa zamani

Mbukwenyi wasomaji. Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba nikipewa jioni moja na luninga moja, namchagua mchekeshaji aliyekwisha kufa, kama Lucy wa Marekani, si hawa wanaojirekodi kwa simu kutwa mara tano. Meseji zimekuja, nyingine za salamu, nyingine za kunichamba waziwazi. Nazijibu hizi.

Shikamoo mama. Mwanangu ana miaka sita, Kiingereza hajui hata salamu, lakini akiwekewa Mr. Bean anagaragara chini. Anacheka nini? (Mama wa Chang'ombe)

Marahaba. Anacheka kile kile unachocheka wewe, ila yeye haoni haya.

Kipindi kile kilianza Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na vipindi vyote vya mwanzo ni 15 tu, ingawa ukiviona vinavyorudiwa utadhani ni mia tatu. Rowan Atkinson, aliyesomea uhandisi wa umeme kabla ya mambo haya, karibu hasemi neno. Mtazame siku ya bata mzinga wa Krismasi. Anamjaza viungo tumboni, saa ya mkononi inadondokea humo. Anachungulia. Haioni. Anaingiza kichwa, kinanasa, na wakati huo huo mchumba anabisha hodi. Mtu mzima na suruali yake na tai yake, amevaa bata kichwani, anatafuta namna ya kumkaribisha mgeni kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtoto wa miaka sita anayajua hayo kuliko sisi. Juzi tu kamwaga mafuta ya taa akayafunika kwa mkeka. Kwake Bean ni mwenzake aliyepewa mwili wa baba.

Mama, unamsifia Lucy, mzungu wa picha zisizo na rangi, wa enzi za bibi yangu. Sisi wa Dodoma anatuhusu nini? (Mwanafunzi, UDOM)

Hapo umenigusa penyewe, mwanangu.

Kwanza nieleze nilikotoa macho haya. Mwishoni mwa miaka ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa na kibanda cha video Kizota, hapa Dodoma: mabenchi, turubai, deki moja na jenereta ya kukodi. Yeye alishika deki, mimi nilikaa mlangoni nikipokea shilingi 50 za watoto na 100 za wakubwa. Skrini ilikuwa upande wa mgongo wangu, kwa hiyo miaka ile yote nilitazama watu, sikutazama picha. Nikajifunza kitu. Kanda ya ngumi iliwafanya wapige kelele. Kanda ya kichekesho kizuri iliwafanya wanyamaze kwanza. Walinyamaza wakisubiri, macho yamewatoka, kwa sababu walishajua huyu bwana ataanguka, wanataka kuona ataangukaje.

Sasa Lucy. Jina lake Lucille Ball, alianza kipindi chake, I Love Lucy, Marekani mwaka 1951. Mwaka 1956 kuna kipindi yuko Italia, ameambiwa atapewa nafasi kwenye sinema, akaamua kwenda kujifunza maisha ya wakulima wa zabibu. Akaingizwa kwenye pipa kubwa la mbao akanyage zabibu kwa miguu pamoja na mama mmoja wa Kiitaliano. Mwanzo anaziogopa, zinamteleza vidoleni. Kisha anazizoea, anacheza. Kisha anachoka, anataka kupumzika. Mwenzake hataki mchezo kazini. Dakika chache baadaye wanapigana humo humo ndani ya pipa.

Mwaka jana nilimwonyesha jirani yangu mmoja kwenye simu. Ni mzee mwenye shamba la zabibu huko Mpunguzi, hasomi, na Kiingereza chake kinaishia kwenye namba. Alicheka mpaka akavua kofia. Halafu ghafla akakasirika: "Lakini hizo zabibu za watu!" Akaanza kunipigia hesabu ya kreti ngapi zimeharibika. Kisha akaniomba nirudishe nyuma, pale zinapomteleza vidoleni. Tuliirudia mara nne.

Ukiniuliza inamhusu nini, mwulize yeye. Lakini mimi nilimwona usoni, na ulikuwa uso ule ule wa kwenye mabenchi ya Kizota. Lucy hachekeshi. Lucy anahangaika, anataka kazi, anataka aonekane anaiweza, na hajui kwamba wewe upo unamtazama. Wengi wa leo kabla hawajafanya lolote wameshakukonyeza kwamba sasa wanafanya kichekesho. Akikukonyeza tu, hamu ya kusubiri imekwisha.

Kwa nini vya wazungu wa miaka ya hamsini tunavipata safi, na vya kwetu vya juzi tu hatuvipati? (Msomaji wa Kondoa)

Kwa sababu kuna aliyetunza. Lucy na mumewe, Desi Arnaz, walipiga kipindi chao kwenye filamu ya sinema, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji, wakati wenzao wengi walirusha hewani moja kwa moja na kikaishia hapo. Filamu ikabaki, ikauzwa, ikarudiwa.

Usidhani wazungu wote walikuwa na akili hiyo. BBC yenyewe kwa miaka mingi ilifuta kanda zake ili izitumie tena, maana kanda ilikuwa ghali. Dad's Army, komedi waliyoipenda mno, ina vipindi vitatu ambavyo hadi leo havijapatikana.

Kwetu luninga Bara ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tukaipata 1994 kituo cha ITV kilipoanza. Kabla ya hapo kichekesho kilikuwa cha redio, Pwagu na Pwaguzi, na sura ulijichorea mwenyewe. Walipokuja kundi la maigizo la Kaole, mchekeshaji Mzee Small na wengine, nasi nyumbani tuliwarekodi. Halafu 1998 ikaja Kombe la Dunia na kanda tupu hakuna. Mume wangu akarekodi mpira juu yao. Nimemsamehe mambo mengi, hilo bado.

Mzee Small tulimzika 2014, mchekeshaji mwenzake King Majuto 2018. Kama una kanda zao kabatini, zipeleke kwa fundi azihamishie kwenye flashi kabla ukungu haujazimaliza.

Kile kicheko cha ndani ya vipindi vya zamani ni cha watu kweli? (Area C)

Kingine ndiyo, kingine cha mashine. Fundi sauti wa Marekani, Charles Douglass, alitengeneza sanduku lenye vicheko vilivyorekodiwa, anabonyeza kama kinanda. Lucy alikuwa na watu wake halisi. Bean wala hahitaji.

Mama, vichekesho vyenu vilikuwa vya kuigiza lafudhi za watu. Siku hizi si ungekuwa ubaguzi? (Binti wa Makole)

Swali zuri, na jibu langu halijanyooka. Kile kipindi cha Waingereza cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, Mind Your Language, kilianza 1977, na 1979 bosi wa kituo akakisimamisha akiona kinadhalilisha wageni. Nikikitazama leo, kuna mahali nacheka na mahali naona aibu, wakati mwingine katika dakika moja.

Lakini mchukue mchekeshaji Mzee Ojwang' wa Kenya, aliyefariki 2015. Jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu, na miaka yote ya kipindi chao cha luninga, Vitimbi, aliongea kama Mjaluo, na Wajaluo wakampenda. Kwake lafudhi ilikuwa kama koti. Kichekesho chenyewe kilikuwa ujanja wake unaomgeukia, na Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, akimsubiri mlangoni.

Mimi ni Mgogo, nina watani. Mtani anaweza kuja msibani kwangu akasema maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angetoka na manundu. Yeye anaruhusiwa kwa sababu ndiye anayeshika jembe kaburini. Kwa hiyo mimi huuliza: huyu anayeniigiza, atakuja kunizika? Ojwang' nahisi angekuja. Wale wa darasani, sina hakika na wote.

Bibi, sema ukweli tu: unaukumbuka ujana wako. Zamani nako kulikuwa na upuuzi mwingi. (Hakutaja mahali, na salamu hakutoa)

Ulikuwepo, tena tele. Nusu ya kanda za kibanda chetu zilikuwa takataka, na watu walidai hela yao mlangoni, yaani kwangu. Basi kanda mbovu haikukumbukwa na mtu, ndiyo maana leo za zamani zinaonekana zote zilikuwa nzuri. John Cleese na Connie Booth walitengeneza vipindi 12 tu vya Fawlty Towers, komedi ya Uingereza ya mwenye hoteli, sita 1975 na sita 1979, wakaacha. Wangetengeneza 200 pengine leo ningekuwa upande wako.

Ila kitafute kile ambacho gari linamzimikia bwana hoteli, yaani Cleese, akiwa na haraka. Analigombeza, analihesabia moja mpaka tatu, halafu anaondoka, anarudi na tawi la mti, analichapa viboko. Kitazame ukiwa umekaa na dereva yeyote wa daladala wa hapa mjini. Usimtazame Cleese. Mtazame dereva.