Maswali na Majibu: Nimefeli Somo, na Mhadhiri Ni Yule Yule

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kidogo cha umma, ambacho karibu wanafunzi wote tunaishi katika mabweni ya chuo. Mwaka uliopita nilifeli somo la kemia ambalo ni sharti la kuendelea na masomo mengine mawili, na mtihani wa marudio nao sikuufaulu. Somo hilo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na mhadhiri aliyelifundisha ndiye atakayenifundisha masomo mengine matatu kabla sijahitimu. Kila ninapomwona njiani naelekea bwaloni, nageuza njia. Nilisoma maelezo yangu yote mara nne kabla ya mtihani, kwa hiyo sidhani kwamba nilizembea. Nafikiria kuhamia chuo kikubwa ambako hakuna anayenijua. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mhadhiri, kwa sababu naona kwamba yeye ndiye anayekukosesha raha kuliko hata alama zenyewe. Katika chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, mhadhiri anaweza kusahihisha karatasi 400 asijue sura ya hata mmoja wa walioziandika. Katika idara yenye wahadhiri wanne au watano hali si hiyo: anakujua kwa jina, anajua unapopenda kukaa darasani, na bila shaka amekwisha kuona kwamba unamkwepa. Wewe unalichukua jambo hilo kuwa aibu. Mimi nimefundisha miaka mingi katika idara ndogo ya namna hiyo, na ninakuhakikishia kwamba mwanafunzi anayetutia wasiwasi ni yule aliyefeli kisha akapotea, si yule aliyefeli kisha akabisha hodi.

Namkumbuka binti mmoja aliyenijia katika wiki ya pili ya muhula, akasimama mlangoni ameukumbatia mkoba wake, akaniomba aione karatasi yake ya mtihani. Tuliifungua mezani tukaipitia pamoja. Katika maswali manne tofauti wino mwekundu ulikuwa umezunguka mahali pale pale: alikuwa ameingiza sentimita za ujazo 25 katika hesabu bila kuzigeuza kuwa lita 0.025, na kila jibu likawa limezidi mara 1,000. Hatua zilizofuata zilikuwa sawa. Kwa miezi mitatu alikuwa ameamini kwamba kemia haimfai, kumbe sehemu kubwa ya alama zake ilipotelea kwenye mstari mmoja ambao hakuwa na mazoea ya kuuhakiki. Sisemi kwamba tatizo lako ni dogo kiasi hicho. Huenda ni kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba hutalijua mpaka uione karatasi.

Basi nenda katika saa ambazo mhadhiri ametenga kwa ajili ya wanafunzi, umweleze kwa maneno machache kwamba ungependa kuona ulipokosea ili usirudie makosa yale yale utakapolisoma somo hilo tena. Usiende kuomba alama. Kukata rufaa ni jambo jingine kabisa, lenye fomu na tarehe ya mwisho, nalo ni la mtu anayeamini kwamba usahihishaji ulikuwa na kasoro. Ukichanganya mambo hayo mawili katika mazungumzo ya kwanza, utamfanya ajitetee badala ya kukufundisha.

Sasa nije kwenye maneno yako kwamba ulisoma maelezo yako mara nne, ambayo yamenigusa sana, kwa sababu ninaamini kwamba ulijitahidi kweli. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yanayolihusu suala hili moja kwa moja. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha maandishi katika vipindi vinne mfululizo, kama ulivyofanya wewe. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likajaribu kuandika kila lilichokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 na wale wengine asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, ilhali waliojipima wenyewe walibaki na asilimia 61. Ndiyo maana mtu hutoka maktaba usiku akiwa na hakika kwamba amelishika somo, kisha akafika kwenye chumba cha mtihani akakuta limeyeyuka. Ule urahisi tunaouhisi tunaposoma ukurasa kwa mara ya nne unatokana na kuuzoea ukurasa, na mtihani haukupi ukurasa huo mbele yako.

Kwa hiyo, mwanangu, funga daftari. Chukua karatasi tupu, andika yote unayoyakumbuka kuhusu mada moja, kisha fungua daftari usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, na urudie zoezi hilo baada ya siku mbili au tatu. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita uifanye kwa kutazama saa, bila majibu kando. Mnaoishi bweni moja mna nafasi ambayo wanaotoka majumbani hawana: baada ya chakula cha jioni unaweza kukaa na mwenzako mkaulizana maswali kwa nusu saa, bila yeyote kuhangaikia usafiri wa kurudi nyumbani.

Kuhusu alama, tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hofu huzikuza namba. Chukua mfano wa chuo kinachopima wastani kwa kipimo cha pointi 4, na mwanafunzi aliyechukua masomo 10 yenye uzito sawa katika mwaka wa kwanza. Akipata pointi 3 katika masomo tisa na sifuri katika moja, wastani wake ni 2.7. Akiendelea kupata pointi 3 zile zile hadi amalize masomo 40, wastani wake utakuwa karibu 2.93 hata kama sifuri ile haitafutwa kamwe. Na vyuo vingi huibadilisha au huweka kikomo cha alama mpya baada ya somo kurudiwa. Kanuni ya chuo chako imeandikwa katika kitabu cha mwongozo wa wanafunzi, nawe uisome kwa macho yako badala ya kutegemea maneno ya bwenini.

Jambo linaloweza kukuchelewesha kuhitimu ni mpangilio wa masomo, na hapa udogo wa chuo unauma kweli, sitakuficha. Somo linalotolewa mara moja kwa mwaka, tena likiwa sharti la masomo mengine, linaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima. Chora mihula yote iliyobaki kwenye karatasi, uandike kila somo unalodaiwa na muhula linapofundishwa, kisha umpelekee mshauri wako wa kitaaluma kabla dirisha la usajili halijafungwa. Muulize kama unaweza kuruhusiwa kulisoma somo ulilofeli sambamba na moja kati ya yale yanayolitegemea, au kulisoma kwa usimamizi wa pekee. Idara ndogo zina uwezo wa kukuamulia jambo la namna hiyo katika kikao kimoja, lakini haziwezi kumwamulia mtu ambaye hakuomba.

Kuhama sikukatazi. Fahamu tu kwamba chuo kipya ndicho kitakachoamua ni masomo yako yapi kitayatambua, na kwamba vyuo vingi hudai sehemu kubwa ya masomo ya shahada isomwe kwao. Unaweza kuukimbia mwaka mmoja ukapoteza miwili.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza, na mwenzangu wa chumbani ni kijana mwema, lakini kundi lake la majadiliano hukutana chumbani kwetu karibu kila siku hadi saa sita usiku na zaidi. Nina kipindi saa mbili asubuhi mara tatu kwa wiki na nimeanza kusinzia darasani. Nikienda kwa mlezi wa bweni nitaonekana msaliti. Nivumilie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usivumilie, kwa sababu usingizi ni sehemu ya masomo yako: ubongo huyaimarisha uliyojifunza mchana wakati umelala, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku. Zungumza naye mchana, mkiwa wawili tu, siku ambayo hakuna kikao. Usianze na lawama. Mwonyeshe ratiba yako ya asubuhi, mtazame pamoja na ratiba yake, kisha mkubaliane saa ya kuzima taa, muiandike na kuibandika nyuma ya mlango. Kundi lenyewe lina mahali pa kwenda, kwani vyuo vingi huacha madarasa kadhaa wazi jioni kwa ajili ya kujisomea. Mkikubaliana kisha akavunja makubaliano mara mbili, hapo mlezi wa bweni ahusishwe, na umwambie mwenzako kabla hujaenda. Hilo si usaliti.

Ninakusihi ulitunze neno lako, kwa sababu ujirani wa bwenini una nguvu kuliko tunavyodhani. Leon Festinger na wenzake walichunguza makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, nchini Marekani, na matokeo yao yalitoka mwaka 1950: katika ghorofa moja, asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki wa karibu, asilimia 22 kwa waliotenganishwa na mlango mmoja, na asilimia 10 tu kwa waliokuwa katika ncha mbili za ghorofa hiyo hiyo. Huenda watu hao wanaokukosesha usingizi leo ndio utakaohitimu nao mkiwa ndugu.

SWALI: Ndugu Mshauri, binti yangu amepata nafasi katika chuo kikuu kidogo cha umma chenye mabweni. Jamaa wanasema chuo kidogo hakina jina na atakuwa amepoteza muda. Je, nimkatalie?

JIBU: Ndugu yangu mzazi, usimkatalie kwa sababu ya ukubwa peke yake. Enrico Fermi aliingia mwaka 1918 katika Scuola Normale Superiore ya Pisa, nchini Italia, chuo kidogo cha umma ambacho wanafunzi wake huchaguliwa kwa mtihani na kupewa malazi. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Pisa, ambako wanafunzi wa fizikia wa mwaka wake walikuwa watatu tu, na mkuu wa maabara, Luigi Puccianti, akawaruhusu waitumie maabara kwa uhuru. Mwaka 1938 Fermi alipata Tuzo ya Nobel. Simaanishi kwamba uchache wa wanafunzi ndio uliompa kipaji. Ulimpa mlango wa maabara ambao haukufungwa, na hilo ndilo binti yako anapaswa kulitafuta.

Kwa hiyo ulizia mambo yanayoweza kuthibitishwa. Je, programu yake imeidhinishwa na mamlaka ya elimu ya juu, na kama taaluma yake ina bodi, bodi hiyo inaitambua? Idara ina wahadhiri wangapi wa kudumu, na mmoja akienda masomoni nani hufundisha masomo yake? Ni masomo gani hutolewa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata? Mwanafunzi hushika mwenyewe vifaa vya maabara, au husimama nyuma ya wenzake akitazama? Bweni limehakikishwa kwa miaka yote au kwa mwaka wa kwanza tu? Maswali hayo binti ayapeleke pia kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa idara ile ile, kisha awaombe wamwonyeshe ratiba yao ya muhula huu.