Ukitaka kupiga picha za sura, anza kwa kumbebea mtu begi

Kila wiki napata meseji za vijana wanauliza swali lile lile, dada nataka niwe mpiga picha za watu, ninunue kamera gani. Mi jibu langu ni moja, kabla hujaenda dukani tafuta mtu anayeijua hii kazi ukakae nae.

Naongea hivi kwa sababu mwenyewe nilianza na kamera. Nilipokea hela ya mchezo pale ofisini nikaenda Kariakoo nikanunua kamera mtumba na lenzi ya 50mm, nikajifunza YouTube karibu miezi sita, alafu nikapokea kazi, send-off ya binti wa jirani yetu Tabata. Picha zikatoka gauni unaona kila ushanga, ila sura ya bibi harusi nyeusi tii, macho hata huyaoni. Mama yake hakugomba. Alizipitia zote kimya kimya mpaka mwisho akaniuliza, "hamna zingine mwanangu?" Usiku ule sikulala kabisa.

Kuna mzee ana studio ndogo Magomeni, zile za pasipoti saizi zenye pazia la bluu, nilikua naendaga kusafishia picha pale. Nikampelekea zile picha. Akaangalia mbili tu akasema, "umepima gauni, hukumpima mtu." Akanikalisha akanielewesha kwamba kamera haijui huyu mtu hii nguo, yenyewe inapima mwanga unaorudi alafu inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, kwahiyo gauni jeupe likijaa kwenye picha inaona mwanga umezidi, inapunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Weka kipimo cha kamera kiwe cha sehemu ndogo, pima shavuni, na kama ngozi ni nyeusi sana shusha mwanga kidogo maana hapo nayo kamera itataka kuifanya kijivu. Dakika kumi tu, na miezi sita ya video nilikua sijalielewa.

Sikumwambia anifundishe. Nilimwambia mzee shikamoo, naomba Jumamosi niwe nakuja kukusaidia kazi. Hii naomba uishike, mtu mwenye kazi zake ukimwambia nifundishe unamuongezea mzigo, ila ukimwambia nije nikusaidie unampunguzia. Nikawa nafagia, napokea wateja, nashika riflekta, kile cha kurudishia mwanga usoni kwa mtu, ambayo ilikua ni kipande cha lile boksi jeupe jepesi linalokuja na friji, na mpaka leo mi natumia hilo hilo.

Sasa kitu ambacho hakuna video itakupa ni namna ya kukaa na mtu. Siku moja alikuja mzee mstaafu, kavaa koti, anataka picha ya kuweka sebuleni. Akakaa amekakamaa, mikono magotini, kama yupo kwenye foleni ya kitambulisho. Mimi ningeshaanza kumwambia baba cheka kidogo, inua kidevu. Fundi wangu akaiweka kamera pembeni akamuuliza, "mzee mwenzangu, kazi ulifanya wapi?" Reli. Basi ikawa habari ya treni ya Kigoma, jinsi walivyokua wanalala njiani mvua zikikata njia, mikono ikaanza kutoka magotini yenyewe, mabega yakashuka, na fundi huku anaitikia huku anasogeza kiti taratibu kuelekea mlangoni mpaka mwanga wa nje ukawa unamlamba upande mmoja wa sura. Nilihesabu, alibonyeza mara nne. Yule mzee alipoiona ile picha alisema "huyu ndo mimi", akalipa na akaagiza ya pili ampelekee dada yake.

Baadae nilikuja kusoma habari za Seydou Keïta wa Bamako kule Mali, alifungua studio yake 1948, picha nyingi alipigia uani kwa mwanga wa jua tu, na kitambaa chake cha nyuma cha mwanzo kilikua shuka la kitandani kwake. Picha zile leo zinaonyeshwa Ulaya na Marekani. Nilifurahi sana, kwa sababu huku kwetu tunaona bila softboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, na flashi tatu hatuwezi kitu.

Mwanga wa Dar unao bure, ila lazima uujue. Saa sita mchana jua lipo utosini, macho ya mtu yanakua mashimo, mvute mlangoni au barazani kwenye kivuli karibu na ukuta mweupe. Ukuta wa kijani utamtia ukijani shavuni, na chini ya turubai la bluu la sokoni kila mtu anaonekana mgonjwa. Jioni kuanzia saa kumi na moja mwanga ni mtamu sana ila kwetu jua likianza kuzama halisubiri, fika mapema. Na usimsogelee mtu sana na lenzi pana, ile inayochukua eneo kubwa, pua inakua kubwa, rudi nyuma, 50mm inatosha, 85mm ukija kuipata ni nzuri zaidi.

Ila sio kila mkubwa ni wa kumfata. Nilipita pia kwa bwana mmoja, wikiendi nane nimebeba vyuma bila hata nauli, na picha nilizopiga mimi akaziweka kwenye ukurasa wake kwa jina lake. Iliniuma. Na kosa langu ni kwamba sikuuliza mwanzoni, kwahiyo we uliza siku ya kwanza, kwa heshima lakini uliza: nauli nani anatoa, chakula je, picha nitakazopiga naruhusiwa kuzionyesha kwa jina langu? Mtu mwema hatakasirika. Na ninyi mabinti, kila mnapoenda kazini nyumbani wajue mpo wapi na nani, na mtu akianza mambo yasiyo ya kazi ondoka siku hiyo hiyo.

Kama huna pa kuanzia, zungukia studio za pasipoti za mtaani kwenu. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki maana Jumamosi wanakua na watu. Beba picha zako kumi zilizosafishwa, sio kwenye simu, za karatasi, zipange mezani alafu muulize yeye angetupa zipi. Mzee wangu alitupa nane. Nikamuuliza kila moja kwa nini, na nikaandika majibu yake nyuma ya picha yenyewe, zile nane ninazo mpaka leo.