Mmea unaotega wadudu udongoni: maswali yenu

Ni kweli kuna mmea unaokula wadudu chini ya ardhi?

Kweli. Unaitwa Nepenthes pudica, mmoja wa mimea ya jenasi Nepenthes, inayonasa wadudu kwa mitungi (vyombo vinavyoota kwenye ncha za majani), na ulitangazwa rasmi Juni 2022 katika jarida la PhytoKeys. Unaota Kalimantan Kaskazini, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, juu ya migongo ya milima yenye kimo cha mita 1,100 hadi 1,300. Hutoa matawi yanayoshuka udongoni au kwenye mapango madogo chini ya mizizi ya miti. Majani ya huko ni meupe na madogo mno kwa kukosa klorofili, lakini mitungi yake hufikia sentimita 11, tena myekundu.

Hunasa nini huko gizani?

Sisimizi hasa, pia utitiri na mbawakawa. Watafiti wanadhani chini kuna unyevu wa kudumu huku juu kukikauka, hivyo mawindo hayakosekani.

Je, huku kwetu upo?

Nepenthes haioti porini Kenya wala Tanzania. Spishi zilizo karibu nasi ni za Madagaska na Ushelisheli. Tunayo Utricularia, mmea mwingine unaokula wadudu, ambayo vifuko vyake vya kunasia hujificha kwenye tope.

Nikikuta Nepenthes nisiyoijua, inapataje jina?

Usianzie kwenye jina. Linganisha kwanza na sampuli za hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa kwa utafiti), maana mmea mmoja huzaa mitungi minene chini na myembamba juu, na wengi wamedhani ni spishi mbili. Ukiwa na kibali, chukua aina zote mbili za mitungi, pamoja na maua ya dume na ya jike, ambayo huwa kwenye mimea tofauti. Majani yakaushe kati ya magazeti. Mtungi ukiubana hupoteza umbo, kwa hiyo uweke kwenye alkoholi ya asilimia 70. Hiyo nayo hufuta rangi, basi piga picha na uandike rangi mapema. Mwisho, sampuli moja huteuliwa kuwa holotaipu, yaani sampuli rasmi inayobeba jina, hebaria inayoitunza hutajwa, na maelezo huchapishwa kwa Kilatini au Kiingereza. Pasipo hayo, jina si halali.

Naweza kuagiza pudica?

Usiagize. Waliouelezea walipendekeza uhesabiwe miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na Nepenthes zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini: kusafirisha mche uliong'olewa porini bila kibali ni kosa. Hata picha ya mmea adimu, ondoa taarifa za mahali kabla hujaituma, wanaochimba mimea ili kuiuza huzisoma.